Baba yake anataka aache methadoni kabla ya Ramadhani

SWALI

Dada mshauri, habari za majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mbagala na nauza vitenge sokoni. Mwanangu wa tatu ana miaka 24. Baada ya kidato cha nne alipata pikipiki ya mtu akawa anaendesha bodaboda, na matatizo yalianzia hapo kijiweni. Alianza na bangi, wakaja kuchanganya bangi na unga, yaani heroini, wenyewe wanaita kokteli, na mimi nilipokuja kushtuka mtoto alikuwa anajidunga. Sitaki kukuchosha kwa kutaja vilivyoondoka ndani ya nyumba. Mtungi wa gesi, televisheni, robota langu zima la vitenge. Ile pikipiki aliiweka rehani, mwenyewe akataka kumpeleka polisi, nikakopa kwenye kikoba nikaikomboa.

Baba yake alimfungia chumbani. Tulimsikia analia, anatapika, anapiga mlango usiku kucha. Arosto ilipokwisha alitoka kama mtu mpya, tukamsafirisha kwa bibi yake Muheza akae shamba, mbali na marafiki. Dada, alinenepa. Alikuwa anaswali, analima, bibi yake akipiga simu ni kumsifia tu. Tukasema arudi nyumbani kwa Idi. Sikukuu haijaisha, nikamkuta chooni ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya zambarau, anakoroma kwa mbali. Majirani wakammwagia maji na kumnywesha maziwa, mengine yakamtokea puani. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, akachomwa sindano, akafumbua macho.

Alipopata nafuu ni yeye mwenyewe aliyesema, "Mama, nipeleke kwenye methadoni," ile dawa ya kliniki ya watu wa unga. Kijana mmoja wa asasi inayowafuata vijana mitaani alitusaidia, na sasa ana miezi kadhaa anakwenda kliniki ya Temeke kila asubuhi. Haibi tena. Anakula vizuri. Lakini mchana anasinzia kwenye kochi, anatoka jasho mpaka shati linalowa, na baba yake anasema ametoka kwenye unga wa mtaani akaingia kwenye unga wa serikali. Ameshatoa amri: kabla ya Ramadhani awe ameacha hiyo dawa, na aoe, maana wameshazungumza na ndugu zetu wa Tanga wana binti yao. Akikataa, atoke nyumbani kwake.

Mimi nampa nauli kwa siri na vijihela kidogo. Kuna pusha, muuza unga, anakuja kudai. Nilimlipa, na juzi karudi tena na deni jingine. Usiku mtoto akilala naingia na tochi ya simu kumwangalia mikono, napekua na mifuko. Wiki iliyopita alinifuata jikoni akaniambia, "Mama, nimeteleza, nimevuta mara moja." Baba yake hajui. Dada yake mkubwa amekataa kuwaleta wajukuu hapa wakati yeye yupo.

Je, methadoni ni dawa kweli au tunadanganyana? Ataiacha lini? Nimwambie baba yake? Na hiyo ndoa, haiwezi kumtuliza?

Mama wa Mbagala

JIBU

Mama, shikamoo, na pole sana.

Nianzie jikoni, kwa sababu habari ile umeipitia haraka kana kwamba ni aibu nyingine ya kuongeza kwenye orodha. Kijana aliyeuza mtungi wako wa gesi, na bila shaka akakutazama usoni akakana, leo amekuja mwenyewe kukuambia ameteleza. Hukumfumania. Na kwa kuwa safari hii alivuta, ungemulika mikono yake mpaka alfajiri usingeona alama yoyote. Kwa hiyo weka hiyo tochi, na mifuko yake iache. Upekuzi umekunyima usingizi na haukukupa hata habari moja ya maana, wakati mdomo wake umekupa kubwa kuliko zote. Siku akigundua kwamba kusema kweli na kudanganya kote kunaishia kwenye kupekuliwa, atachagua kudanganya.

Ukiwa naye muulize jambo moja tu: mshauri wake wa kliniki anajua? Wazazi wengi huficha mtelezo wakihofia mtoto atafukuzwa kwenye huduma. Kuteleza mara moja hakumwondoi mtu kwenye methadoni. Ni taarifa ambayo daktari anaihitaji, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba dozi bado ni ndogo, au kuna kitu kimemsukuma: ugomvi, deni, kupita njia ileile ya kijiweni. Aseme mwenyewe. Akiona haya, msindikize ukae naye benchi, lakini usimsemee.

Sasa dawa yenyewe. Aliyezoea unga, saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho mwili unaanza kudai: makamasi, maumivu ya mifupa, tumbo kukata, baridi na jasho kwa pamoja. Ndiyo ile arosto mliyoisikia nyuma ya mlango. Basi siku yake nzima inakuwa ni kutafuta hela ya kete inayofuata, na vyombo vyako ndivyo vinavyolipa. Methadoni inafanya kazi pale pale mwilini unapofanya kazi unga, ila inapanda polepole na kukaa zaidi ya saa 24. Dozi ikishakaa sawa, mtu hapati stimu na hapati arosto. Anameza mbele ya nesi asubuhi, kisha siku inabaki yake. Umeandika "haibi tena, anakula vizuri", ukaendelea na mengine. Mama, hayo ndiyo matibabu yanavyoonekana.

Kwa hiyo ndiyo, ni dawa kweli. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Hapa kwetu Muhimbili ilianza kuitoa 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo ipo mpaka Mbeya, Mwanza na Dodoma. Hutolewa bure kwenye kliniki za serikali.

Kusinzia, hata hivyo, usikuzoee. Jasho na choo kigumu ni mambo ya kawaida ya methadoni na huwa vinaudhi tu. Mtu anayesinzia kila mchana baada ya miezi kadhaa, ama dozi yake inahitaji kuangaliwa upya, ama anachanganya na kitu kingine: pombe, vidonge vya valiamu, au unga wenyewe. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoua watu walioko kwenye methadoni, kwa sababu vyote vinapunguza kasi ya kupumua. Mwambie wazi kwamba umeona na una wasiwasi, na kwamba kesho asubuhi amwambie daktari kabla ya kumeza. Na kama anatumia, au ataandikiwa, dawa za kifua kikuu au za VVU, kliniki ya methadoni ijue siku hiyohiyo. Rifampisini, kwa mfano, inaimaliza methadoni mwilini haraka. Mgonjwa anarudiwa na arosto akiwa anameza dozi ileile, na nyumbani wanamwona msumbufu.

Nije kwa mzee. Sitamsema vibaya, maana televisheni ilikuwa yake na aibu ya msikitini ni yake pia. Lakini kuna jambo nadhani hakuna aliyewaeleza, na ningependa asomewe kipande hiki. Kumfungia chumbani kulimaliza arosto. Arosto ya unga huwa kali siku tatu za mwanzo na kwa wengi inapungua ndani ya wiki, na ikiisha kila mtu nyumbani anadhani ugonjwa umekwisha. Ubongo unabaki na hamu kwa miezi na miaka. Kule Muheza mwili wake ulisahau kuhimili unga, wakati kichwa chake hakijausahau. Alirudi Dar es Salaam, akakutana na wenzake, akatumia kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani, na mwili haukukiweza. Hivyo ndivyo ulivyomkuta chooni. Hatari kubwa kuliko zote kwa mtumiaji wa unga ni siku za kwanza baada ya kukaa bila kutumia: akitoka jela, akitoka soba hausi (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya), akitoka shamba. Na kwa mtu wa methadoni ni hivyo hivyo, wiki chache baada ya kuacha dawa ghafla ndizo zenye vifo vingi. Mzee anapompa tarehe ya kuacha, bila kujua anampangia safari ya pili ya kwenda chooni.

Ataacha lini? Chini ya mwaka mmoja wa matibabu, matokeo huwa si ya kutegemea, na wengi wanahitaji miaka kadhaa. Siku ikifika, dozi inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi chini ya daktari, mgonjwa mwenyewe akiwa ametaka, ana kazi ya kufanya na watu wa kuwa nao. Wapo wasioacha kabisa na wanaishi vizuri. Najua jibu hili halina utamu.

Kuhusu Ramadhani yenyewe, akaulize kliniki mapema kama kuna mpango wowote wa saa za dozi. Kama hakuna, mgonjwa ni mgonjwa; Suratul Baqara imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuhusu ugonjwa wa muda mrefu sheikh wenu atawaelekeza. Mzee akisema ni kileo, mwambie kwamba Malaysia, nchi ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama wengi wetu wa pwani, inatoa methadoni kwa mpango wa serikali, na msikiti wa Ar-Rahman pale Kuala Lumpur uliwahi kuendesha huduma hiyo ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya. Lakini nisikudanganye, hoja ya Malaysia haitamgeuza. Kitakachomgeuza ni kukaa kliniki asubuhi moja akaona watu wazima wanaoamka, wanakunywa dawa, wanakimbilia kazini. Mwombe amsindikize mara moja tu. Daktari akimweleza haya, yatamwingia kuliko ukisema wewe ambaye anajua unampa mtoto hela kwa siri.

Maana anajua, mama. Wanaume wa nyumba hizi wanajua.

Na hapo ndipo penye kosa lenu wote wawili. Baba ameshika fimbo, mama ameshika pochi, na kijana amejifunza kupita katikati. Mzee aambiwe kuhusu mtelezo. Amwambie mtoto mwenyewe, wewe ukiwa umekaa hapo, wakati mzee hajachoka na hana njaa, na baada ya kliniki kujua, ili sentensi ya pili iwe "na daktari amesema tufanye hivi". Kisha nyinyi wawili mkubaliane faragha masharti ya nyumba ambayo mnaweza kuyasimamia kweli. Unga hauingii humu. Marafiki wa kijiweni hawaji. Kliniki kila siku. Kitu cha mtu kikipotea, atakilipa kwa kazi. Sharti msiloweza kulisimamia msilitamke. Kumfukuza mtu anayehudhuria matibabu ni kumrudisha maskani, mahali pekee ambapo atapokewa usiku huohuo. Kama hali ikiwashinda kabisa na mkafikiria soba hausi, ulizeni kwanza kama wanapokea mtu wa methadoni, maana baadhi hawapokei, na ingieni ndani mwone wagonjwa wanavyoishi kabla hamjatoa hela.

Nauli uendelee kumpa. Iwe wazi, baba akijua, na iwe ya siku hiyo, kwenda na kurudi. Nauli ya kliniki ndiyo hela yenye faida kuliko zote utakazotoa mwaka huu. Anywe chai nyumbani kabla hajatoka. Vile "vijihela kidogo" visivyo na jina, acha. Deni la mwenye pikipiki ulilolimaliza lilikuwa deni la haki, ingawa ningependa mwanao akurudishie kidogo kidogo kwa jasho lake. La pusha ni jambo jingine. Ulipolipa la kwanza ulimwonyesha kwamba mama huyu analipa, ndiyo maana amerudi. Usimpe tena hata senti. Akitishia, nenda kwa mjumbe na serikali ya mtaa, na mzee awe mbele. Hapo ndipo ukali wake una kazi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, na haihitaji uwe na jina kubwa.

Bodaboda asiguse mpaka kusinzia kuishe. Kwa sasa akubebee marobota, apange meza, aite wateja. Sanduku la hela libaki kwako. Hakuna haja ya kumtega mtu anayejaribu kusimama, na yeye mwenyewe akiulizwa atakuambia hivyo.

Ndoa, hapana. Na sisemi hivyo kwa kumhurumia mwanao. Namsemea yule binti wa Tanga. Wazazi wake wameambiwa nini? Kwamba kijana alikuwa anajidunga zamani na sasa anameza dawa kila asubuhi, au kwamba "ametulia, anahitaji mke tu"? Aliyewahi kuchangia sindano anahitaji kupimwa VVU na homa ya ini, na kliniki hupima. Mtoto wa watu hawezi kuletwa kufanya kazi ya nesi na ya polisi bila kuambiwa, kisha kijana akiteleza alaumiwe yeye kwamba ameshindwa kumtunza mume. Tunayafanya haya sana pwani na hatuyasemi. Kama baada ya muda mwanao atakuwa imara na akataka mwenyewe kuoa, aende akaseme yote, binti ajibu akiwa anajua. Kwa sasa mpigie simu mwanamke mwenzako huko Tanga, msitishe kwa heshima kabla posa haijapelekwa.

Kuna jambo la chooni sikutaka kuliacha, kwa sababu aliyeteleza mara moja anaweza kuteleza tena. Ukimkuta haamki, anakoroma ajabu au anavuta pumzi moja moja, midomo imebadilika rangi: mwite kwa nguvu, mtikise. Asipoamka, mkimbizeni hospitali, na njiani alale ubavu ili akitapika asisakamwe. Akiacha kupumua, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua na mpulizie mdomoni. Maziwa, maji ya chumvi, kumsimamisha atembee, hapana. Yale yaliyomtokea puani yangeweza kuingia kwenye mapafu. Waambie madaktari kweli kwamba ni unga na kwamba yuko kwenye methadoni. Sindano ile aliyochomwa, kwa kawaida naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya unga, inaisha nguvu mapema kuliko methadoni, kwa hiyo akifumbua macho msimchukue nyumbani mpaka waseme. Wafundishe haya mzee na watoto wengine, na hata majirani walewale wa maziwa. Walikuwa na nia njema.

Binti yako mkubwa usimlazimishe. Ana haki ya kuogopa, na pengine hata yeye aliibiwa kitu ambacho hajakuambia. Mtembelee wewe kwake, wajukuu uwaone. Na hata watakapoanza kuja, kumbuka hili: wagonjwa waliotulia kwenye baadhi ya kliniki huruhusiwa kubeba dozi za nyumbani. Siku mwanao akifika hapo, chupa hiyo ikae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwako. Kiasi kinachomfaa yeye kinaweza kumuua mtoto mdogo kwa kuonja tu.